Kasoro Zilizoonekana Ugenini

Mji wa Wollongong uko pwani ya mashariki ya Australia, kiasi cha kilomita 80 kusini ya Sydney, na sifa yake ya kale ilikuwa makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Lakini katika mwaka 1977, ndani ya chuo kikuu cha mji ule ambacho kilikuwa hakijatimiza hata miaka mitatu tangu kusimama peke yake, bwana mmoja aitwaye Richard Miller, akisaidiana na Profesa Juris Reinfelds, alimaliza kazi ambayo wengi wa zama zile wasingethubutu kuianza. Aliuhamisha mfumo wa uendeshaji uitwao Unix kutoka katika aina ya kompyuta ambayo ulikuwa umelelewa juu yake, akaukalisha katika kompyuta ya kabila jingine kabisa. Hadi siku zile ada ya dunia ilikuwa kwamba kila mashine huja na mfumo wake, ulioandikwa na watengenezaji wake kwa lugha ya mashine ile ile, na mashine ilipozeeka na kutupwa, mfumo nao ulizikwa pamoja nayo.

Unix ulikuwa umeanza mwaka 1969 huko New Jersey, Marekani, katika maabara za Bell, kwa mkono wa Ken Thompson na mwenziwe Dennis Ritchie, kwanza juu ya kompyuta ndogo iliyoitwa PDP-7 na kisha juu ya PDP-11. Na mwaka 1973 kiini chake kiliandikwa upya kwa lugha ya C, ambayo Ritchie aliitunga mwenyewe. Kuandikwa kwa lugha isiyofungamana na mashine moja ndiko kulikofungua mlango. Chuo cha Wollongong hakikuwa na PDP-11. Kilikuwa na Interdata 7/32, na Miller, badala ya kulia kwamba programu alizozitamani ni za wenye mashine nyingine, aliamua kuzileta kwake, akianza kwa kuegemea mfumo wa watengenezaji wa Interdata mpaka Unix ulipoweza kusimama kwa miguu yake. Na kwa sadfa ya ajabu, katika mwaka ule ule, upande wa pili wa dunia, Steve Johnson na Ritchie mwenyewe walikuwa wakiupeleka Unix kwenye Interdata 8/32, ndugu mkubwa wa mashine ya Wollongong.

Yaliyowakuta mafundi hawa ndiyo kisa changu. Walidhani kazi ni kutafsiri: kuitungia lugha ya C kompaila ya mashine mpya, yaani programu ya kuigeuza C kuwa lugha ya mashine ile, kuandika upya sehemu chache zinazogusa vyuma, kisha kuiacha programu iende. Lakini walipoiacha iende, ilianguka, na ilipoanguka hawakuona kosa katika kazi yao mpya, bali waliliona katika kazi ya zamani, iliyokuwa imetumika kwa miaka bila ya mtu kuilalamikia. Hesabu za PDP-11 zilikaa katika biti 16, na anwani za kumbukumbu yake vilevile katika biti 16. Basi waandishi wake walikuwa wamezoea kuchanganya hesabu na anwani kana kwamba ni kitu kimoja, na mashine haikuwahi kuwakemea. Interdata ilikuwa na biti 32, na mpangilio wake wa baiti ulikuwa kinyume: pale ambapo PDP-11 iliweka baiti ndogo mbele na kubwa nyuma katika kila jozi, Interdata iliitanguliza kubwa. Husimuliwa mpaka leo miongoni mwa mafundi kwamba jina la UNIX, likiandikwa kwa ada ya kwanza na kusomwa kwa ada ya pili, lilitoka katika kioo NUXI. Na jina hilo la kinyumenyume limebaki kuwa jina la ugonjwa wenyewe, kiasi kwamba fundi akisema ana tatizo la NUXI, mwenziwe hahitaji maelezo zaidi.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, maana jambo hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Kasoro ile haikuzaliwa Interdata. Ilizaliwa siku mtu alipoandika sentensi ya programu akiwa na dhana moyoni, dhana ambayo hakuitamka wala hakujua kwamba anayo, kwamba mashine zote zilizopo na zitakazokuja zitafanana na hii iliyo mbele yangu. Na maadamu programu ilikaa nyumbani, nyumba iliisadiki dhana ile kila siku na kuifanya kweli. Ugeni ndio uliotoa ushahidi. Hata watu wa maabara za Bell, ambao walikuwa na haki ya kujidai kwamba hakuna aijuaye kazi ile kuliko wao, walijifunza mambo ya kazi yao wenyewe kutoka kwa mashine iliyokuwa haiwajui.

Nao, kwa insafu yao, hawakutosheka na kuziba matundu. Johnson alitunga programu aliyoiita lint, kwa jina la nyuzi na vumbi la pamba linaloshikamana na nguo, ambayo kazi yake ni kusoma programu nyingine na kumwonyesha mwandishi mahali penye shaka kabla mashine ngeni haijamwaibisha. Lugha ya C nayo ilibadilishwa: zikaongezwa aina mpya za hesabu, ukawekwa utaratibu wa mtu kutamka waziwazi anapoigeuza aina moja kuwa nyingine, na mchezo wa kale wa kuchanganya hesabu na vielekezi, yaani nafasi zinazobeba anwani, ukaanza kupigwa vita. Mwaka 1978 Johnson na Ritchie walitoa makala yao juu ya jambo hilo, na Miller alitoa yake mwaka ule ule. Anayezisoma leo ataona kwamba kurasa nyingi si za kusifu ushindi bali ni za kueleza nini kilivunjika na kwa sababu gani. Hizo, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa ripoti bora za kasoro zilizopata kuandikwa katika fani hii, ingawa waandishi wake hawakuziita hivyo.

Yote hayo yaliwezekana kwa sababu moja ambayo ni rahisi kuisahau: msimbo ulikuwa wazi mbele ya macho ya Miller. Maabara za Bell ziliviuzia vyuo vikuu leseni pamoja na msimbo chanzo, na jirani yake, John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, alikuwa ameuchapa msimbo wa Toleo la Sita pamoja na sherehe yake kwa ajili ya wanafunzi. Toleo la Saba lilipotoka mwaka 1979, leseni yake ilikataza kuufundisha msimbo darasani, na kitabu cha Lions kikawa kitu cha kunakiliwa kwa siri na kupitishwa mkono kwa mkono. Mtu aliyenyimwa msimbo akikuta programu imevunjika, hana ila kulalamika. Aliye na msimbo anaweza kuonyesha mstari na kusema, tatizo ni hili, na dawa yake nadhani ni hii. Baina ya malalamiko na ushahidi ndipo programu huria ilipojengwa.

Miaka ya themanini ilikuwa ya VAX, kompyuta iliyopendwa mno vyuoni, na pamoja nayo dhana mpya zikazaliwa. Anwani ya sifuri katika Unix wa VAX ilikuwa na sifuri ndani yake na ilisomeka bila ya zogo. Programu iliyopewa kielekezi kitupu kwa makosa ilisoma hapo, ikaona neno tupu, ikaendelea na safari yake salama. Programu hiyo hiyo ilipopelekwa kwenye mashine iliyoiharamisha anwani ya sifuri, ilikufa papo hapo, na wenyewe waliapa kwamba mashine mpya ni mbovu. Henry Spencer wa Toronto alipotunga amri kumi za waandishi wa C, ile ya kumi aliitoa kwa ajili ya watu hawa, akiwataka waikane kabisa itikadi ya kwamba dunia nzima ni VAX.

Lakini hata mtu akikubali kwamba kasoro ni yake, masahihisho yamfikieje? Katika zama zile nakala ya programu ilisafiri kwa utepe wa sumaku au kwa simu za usiku baina ya vyuo, na kila aliyeipokea aliirekebisha ipate kukaa katika mashine yake, mpaka nakala mia za programu moja zikawa zimetofautiana na wala hakuna aliyeweza kuwapa wenziwe alichokigundua. Programu ya diff, iliyotungwa katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya sabini, ilikuwa ikiweza kulinganisha mafaili mawili na kutoa orodha ya tofauti zao. Mwezi Mei 1985 Larry Wall, ambaye baadaye alijulikana kwa kuitunga lugha ya Perl, alitoa programu ndogo iliyoitwa patch, yaani kiraka, iliyoweza kuichukua orodha ile na kuitia ndani ya nakala ya mtu mwingine, hata kama nakala hiyo imesogea mistari kadhaa mbele au nyuma. Sijui chombo kingine kidogo kama hiki kilichobadilisha tabia za watu kwa kiasi hiki. Tangu siku hiyo mgeni aliyekuta kasoro hakulazimika kutuma programu nzima wala kuandika waraka mrefu wa maelezo. Alituma kiraka, na mwenye programu alikisoma kwa dakika chache, akakitia au akakikataa kwa sababu zake.

Richard Stallman alikuwa ametangaza mradi wa GNU mwezi Septemba 1983, akikusudia mfumo kamili ambao kila mtu ataruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Kompaila yake, gcc, ilitoka mwaka 1987, na kwa kuwa kiini cha mfumo wenyewe kilichelewa, programu zote za GNU kwa miaka mingi ziliishi ugenini, juu ya mifumo ya watu wengine. Ndiyo maana mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alipotangaza tarehe 25 Agosti 1991 kwamba anatengeneza mfumo wa uendeshaji, ushahidi alioutoa kuwa kazi yake imeanza kushika ulikuwa kwamba amekwisha kuhamishia kwake programu mbili za GNU, bash toleo 1.08 na gcc toleo 1.40. Programu zilizokwisha kusafiri sana zilikuwa ndizo mizani: zikisimama, mfumo umesimama.

Naye Torvalds, aliyedhani mwanzoni kwamba kazi yake haitatoka nje ya mashine za Intel 386, alipata funzo lake mwaka 1994, pale Jon Hall wa kampuni ya Digital alipompatia kompyuta ya Alpha yenye biti 64. Toleo 1.2 la mfumo wake, Linux, la mwezi Machi 1995, lilikuwa tayari linaijua Alpha. Kiini kilitoka katika safari hiyo kikiwa kimepangwa upya, mambo ya mashine yakiwa yametengwa na mambo ya wote. Lakini mamia ya programu zilizokaa juu yake zilianza kuungama. Zilizokuwa zikiweka kielekezi ndani ya nafasi ya hesabu ya kawaida zilikatwa nusu ya anwani zao, kwa kuwa kielekezi kilikuwa na biti 64 na hesabu ile ilibaki na 32. Na zilizosoma kumbukumbu kutoka mahali pasipolingana ziliandikwa katika daftari la mfumo kila zilipofanya hivyo. Waliokuwa na Alpha walikuwa wachache mno, akali ya watu, na kwa miaka kadhaa ni wao waliobeba taarifa hizo kwa waandishi ambao hawakupata kuiona mashine ile kwa macho. Miaka michache baadaye, mashine za biti 64 zilipoingia kila ofisi, watu walistaajabu kwamba programu huria zilikuwa tayari.

Mradi wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, uliipa kazi hii makao. Ian Jackson aliutengenezea mwaka 1994 daftari la kasoro ambamo kila taarifa hupewa namba na kila mtu huweza kuisoma, na mkataba uliopitishwa mwaka 1997 uliahidi mambo mawili ambayo mimi huyaona kama nguzo za nyumba nzima: kwamba matatizo hayatafichwa, na kwamba masahihisho yatarudishwa kwa wale walioziandika programu. Humo ndimo waliomo wahamishaji wa programu kwa aina nyingi za mashine, na humo utaona dhana zikifichuliwa moja baada ya moja. Kuna ile ya herufi: katika kompyuta za kawaida za Intel, herufi ya C huweza kuwa hasi, ilhali katika Linux wa ARM na PowerPC haiwi hasi kamwe, basi programu inayosoma faili na kungoja alama ya mwisho, ambayo ni -1, iliyowekwa ndani ya herufi, hungoja daima, kwani alama hiyo haifiki. Kuna pia kisa cha Hurd, kiini cha GNU chenyewe, ambacho hakikuweka mpaka wowote kwa urefu wa jina la njia ya faili. Kanuni za mifumo ya jamii ya Unix, ziitwazo POSIX, zinaruhusu hivyo, lakini maelfu ya waandishi walikuwa wameutegemea mpaka huo uitwao PATH_MAX, na programu zao zilikataa kujengwa. Wahamishaji wa Hurd, kwa subira isiyo na malipo, waliandika kiraka baada ya kiraka kwa ajili ya mfumo ambao karibu hakuna aliyeutumia, na mara nyingi kiraka chao kiliiondoa nafasi yenye ukubwa uliokadiriwa tu na kuweka nafasi iliyopimwa kwa haja halisi, jambo lililowafaa wote.

Taarifa njema ya aina hii ina adabu zake, na wahamishaji wamezijua kwa kuumia. Aandikaye hueleza alitenda nini, alitazamia nini, na nini kilitokea. Hutaja mashine na toleo. Huipunguza programu mpaka ibaki mistari michache inayoweza kuonyesha kasoro. Na hujihadhari asiseme kwamba programu ni mbaya, kwa maana anayemwandikia ameitunga kwa upendo na kwake yeye inafanya kazi. Maneno hayo, kwangu inafanya kazi, yameua taarifa nyingi za kweli.

Ustadi wa juu niliouona wa kuishi na tofauti hizi za mifumo ni wa OpenSSH. Tatu Ylönen alikuwa ameitunga SSH, programu ya kuingia kwa siri katika kompyuta ya mbali, mwaka 1995 katika chuo cha ufundi cha Helsinki baada ya maneno ya siri kuibiwa katika mtandao wa chuo; masharti ya matoleo ya baadaye yalipobana, watu wa mfumo huria wa OpenBSD, wakiongozwa na Theo de Raadt, walilichukua toleo la zamani lililokuwa huru bado, wakalisafisha, na kulitoa pamoja na OpenBSD 2.6 tarehe 1 Desemba 1999. Badala ya kulijaza masharti ya kila mfumo duniani, waligawana kazi: kundi moja likaandika kwa ajili ya OpenBSD tu, kwa msimbo mfupi unaosomeka, na kundi jingine, ambamo alikuwamo Damien Miller wa Australia, likachukua kila toleo na kulifanyia uhamisho, likilitia alama ya p mwishoni mwa namba yake. Kundi hili la pili lilikuta dhana zisizotegemewa. OpenBSD ilimpa kila mwombaji namba za nasibu kutoka katika kiini; baadhi ya mifumo ya biashara ya siku zile haikuwa na chemchemi hiyo, na bila ya nasibu ufunguo wa siri si siri. Ikabidi waandike msaidizi wa kuokota nasibu kwa kuendesha amri za mfumo na kuchanganya majibu yake, mpaka mifumo hiyo ilipojirekebisha yenyewe.

Na nasibu hiyo hiyo ndiyo iliyoleta msiba mkubwa katika historia hii. Mwaka 2006, katika Debian, chombo cha kukagua kumbukumbu kililalamika juu ya mistari fulani ya OpenSSL, maktaba ya kutengeneza funguo za siri, iliyosoma kumbukumbu isiyojazwa. Mtunzaji wa kifurushi aliuliza, akajibiwa kwa namna aliyoifahamu kuwa ni ruhusa, akaiondoa mistari. Lakini mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza nasibu yote, na mabadiliko yale yalibaki Debian, hayakupelekwa kama kiraka kwa wenyewe wakayasoma kwa jicho la mwenye nyumba. Kilichosalia cha kutofautisha ufunguo na ufunguo kilikuwa namba ya mchakato, ambayo haizidi 32,768. Kwa kiasi cha miaka miwili kila ufunguo uliotengenezwa kwa OpenSSL hiyo juu ya Debian na mifumo iliyotokana nayo uliweza kukisiwa, mpaka tangazo lilipotoka tarehe 13 Mei 2008 na wasimamizi wa kompyuta duniani kote wakakesha wakibadilisha funguo. Mimi simlaumu mtu yule. Aliuliza, na aulizaye ametimiza nusu ya wajibu. Lakini kila ninaposoma habari hiyo huufikiria ule mstari mmoja, na jinsi ambavyo kiraka kimoja kilichotumwa nyumbani kingeweza kumfikia mtu wa kusema hapana.

Hivi sasa wahamishaji wana kasoro nyingine mkononi, ambayo saa yake inajulikana. Unix huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na hesabu iliyowekwa katika biti 32 haiwezi kuvuka sekunde 2,147,483,647. OpenBSD 5.5, iliyotoka tarehe 1 Mei 2014, iliipanua hesabu hiyo kuwa biti 64 katika mashine zake zote, hata zile kuukuu. Na mara moja programu za watu wengine zilizokuwa zikiuweka wakati katika nafasi finyu zikaonekana, na viraka vikaanza kwenda kwa wenyewe. Debian ilifanya vivyo hivyo mwaka 2024 kwa kompyuta zake za ARM za biti 32, na maelfu ya vifurushi vikajengwa upya. Sekunde ya mwisho itapita Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, na mashine ambayo taarifa haikuifikia itaamka sekunde inayofuata ikiamini kwamba ni mwezi Desemba 1901.